Mchele wa Darasa la Nne

Siku ya kufunga shule pale Busia, binti yangu aliigiza mama anayevusha mchele kwa njia ya panya, kaufunga mgongoni kama mtoto. Muhula mzima alisubiri kuvuka mstari wa chokaa uliochorwa kuwa mpaka wa Uganda na Kenya, mbele ya wazazi.

Msichana mwenzake aliyekuwa askari akasahau kwamba ni mchezo. Alimtandika fimbo ambayo hata Tororo waliisikia, mdomo ukapasuka.

Mke wangu, ambaye askari wa kweli walimwachia makovu kwenye njia hiyohiyo, aliruka mabenchi ishirini, akamkaba yule msichana na kumzaba makofi. Walimu wanne walipomvuta, wawili walilala chini.

Binti yangu akatema damu, akakaza mzigo.

“Mama, rudi ukae,” akasema. “Sijafika Kenya bado.”