Vidole Viwili vya Lukumani

Miaka ile ambayo kila Jumamosi nchi nzima ya Zaire ilishika majembe kwa amri, kulikuwa na watu pale Kabondo, Kisangani, walioshika majembe Jumapili kwa hiari yao. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwatia wakubwa wasiwasi.

Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya umma. Unafyeka majani kando ya barabara, unazibua mtaro, unaimba wimbo wa chama, unarudi kwako. Usipotokea unatozwa faini. Majani yenyewe hayakuwa na habari na chama. Yaliota tena palepale, na watu wakayafyeka tena palepale. Jumapili ilikuwa kitu kingine. Waislamu walianza asubuhi, Wakristo wakawafuata misa ilipokwisha, wote wakateremka bondeni kufyatua matofali ya nyumba zao. Walijenga kwa likelemba, yaani zamu kwa zamu: leo sote tunamjengea huyu, akishaezeka tunaanza ya yule. Mabati na saruji vilitaka pesa, na pesa waliitafuta kwa kila njia ya halali waliyoijua. Kwaya iliimba kwa kiingilio. Wanafunzi wa chuo kikuu walicheza mpira na wapakiaji mizigo wa uwanja wa ndege wa Bangboka, na akina mama wakauza liboke ya samaki pembeni mwa uwanja, samaki waliofungwa majani na kuchomwa juu ya makaa. Serikali haikuchangia kitu, ingawa baadaye ilikuja kuchukua.

Kadidja hakukosa hata Jumapili moja. Alikuwa mwanamke wa Kasongo, Maniema, aliyeletwa Kisangani akiwa bibi arusi na Lukumani, fundi mwashi, na tangu siku hiyo alikuwa amelala katika nyumba za kupanga. Mumewe alijenga nusu ya kuta za Kabondo, nao wawili wakawa wanasogeza kitanda kila mvua ilipotoboa upande mwingine wa paa. Ni kichekesho, lakini Kadidja hakukicheka. Mabinti zao waliolewa mbali, mmoja Kindu, mwingine Bunia. Kilichobaki kwake kilikuwa Lukumani na ile zamu yao katika kikundi.

Kikundi kilikuwa na desturi. Tofali likiwa bado bichi, limesimamishwa likauke, mwenye zamu alilibonyeza alama yake ubavuni, ili mtu asilichukue kwa makosa au kwa makusudi, na nyumba ikisimama ijulikane ni ya nani. Mmoja alichora msalaba kwa njiti, mwingine alibonyeza kizibo cha chupa. Lukumani alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pembeni yake. Hicho cha pembeni kilikatwa ncha na panga ujanani, kwa hiyo alama yake ilikuwa shimo refu na shimo fupi. Hakuna mtu Kabondo ambaye angeweza kuighushi bila kwanza kujikata.

Zamu yao ilipofika, Lukumani alipata wazo. Lilikuwa wazo zuri, na huo ndio ubaya wake.

“Jumamosi watu wote wanatoka na majembe,” aliwaambia wenzake mkutanoni. “Wanakata majani, majani inarudi. Tumuombe shefu, salongo ya huku kwetu ikuwe ya kufyatua matofali. Watu mingi, kazi mbio. Alors, mvua itatukuta tuko ndani.”

Shefu wa kartie, yaani wa mtaa, bwana mnene asiyependa kelele, alikubali papo hapo. Juu walimdai kazi ya kuonekana, na hapa alikuwa anapewa kazi ya kuonekana bila kuitafuta. Basi kartie nzima ikateremka bondeni, hata watu ambao hawakuwahi kuchangia kikundi, wakakanyaga udongo huku wakiimba. Matofali yakajaa bondeni safu kwa safu. Lukumani alipita katikati yake ameinama, akibonyeza, akibonyeza, mpaka jioni mgongo ukakataa kunyooka.

“Utabakisha vidole, papa?” Kadidja alimwuliza, ndoo ya maji kichwani.

“Ikiisha, nitakopa yako.”

Mvua iliwakuta nje. Matofali yalikuwa yanakauka chini ya makuti ya michikichi homa ilipomshika Lukumani. Alifariki Alhamisi, akazikwa siku ileile, na Kadidja akaingia eda: akae ndani, avae nyeupe, asitoke mpaka muda wake uishe.

Kitu cha kwanza alichokigundua ndani ya eda ni kwamba hasikii njaa. Cha pili, halii. Majirani walimsubiri alie. Wengine walirudi mara mbili kuangalia kama ameanza. Odile, rafiki yake, mama mwenyeji wa Isangi aliyekuwa anamfuata kwa zamu katika kikundi, alileta chakula kila siku akakaa pale mpaka sahani iishe. Kadidja alikula kwa sababu Odile alikuwa na kazi nyingine za kufanya.

“Tumechoma tanuru,” Odile alimwambia siku moja. “Matofali imetoka mwekundu, mama, muzuri kabisa. Tumefanya kwa heshima ya Papa Lukumani.”

“Sawa,” alisema Kadidja.

Halafu, Jumamosi nyingine, akiwa amekaa mkekani, alisikia magurudumu ya mikokoteni yakipanda kutoka bondeni. Yalipita nje ya ukuta wake, yakapita tena. Alidhani kuna mtu anahama. Odile aliingia mchana, udongo mpaka magotini, na hakuketi.

“Wamebeba matofali. Yote. Shefu anasema ilifanywa siku ya salongo, donc iko ya État, ya serikali. Wanajenga biro ya kartie.”

“Iko na alama ya Lukumani.”

“Tulimwambia! Anatuuliza, na miguu yenye ilikanyaga udongo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya raia wote.”

Tuseme ukweli, shefu hakuwa mwizi. Amri ilikuwa imetoka juu kwamba kila kartie iwe na ofisi yake, naye alitazama bondeni akaona ofisi imekwisha fyatuliwa. Kilichofanywa siku ya salongo ni cha umma, na kila mtu Kabondo alilijua hilo, Lukumani mwenyewe akiwamo, ila hakuna aliyelikumbuka siku ile ya wazo. Watu hawa walipoteza nyumba kwa sababu walifanya kazi kwa bidii siku isiyofaa. Ukinieleza nchi nyingine ambako kosa hili lingewezekana, nitakusikiliza.

Mwenye eda hatoki kwenda kugombana na shefu. Kadidja alikaa pale alipokuwa. Alijaribu kuitafuta hasira ndani yake, kama mtu anayepapasa kibiriti gizani, hakuipata. Akamwambia Odile anawe miguu kabla hajaondoka, udongo ukikauka unapasua ngozi.

Kwenye mkutano wa kikundi walikuwapo walionung'unika kwamba zamu ya Kadidja imekwisha pita, na bahati mbaya ni bahati mbaya.

“Imepita wapi?” Odile aliruka. “Nani hapa aliona nyumba ikipita? Mwenye kufuata ni mimi, na mimi ninasema nangoja. Kwangu kunavuja, lakini tunavujiwa wawili. Yeye anavujiwa peke yake.”

Wakateremka tena bondeni, Jumapili tu, na Jumamosi wakarudi kwenye majani yao.

Eda ilipokwisha, Kadidja alijiunga nao. Alichota maji, alikanyaga udongo, alipanga matofali. Walipomwambia aweke alama yake, alisema, “Acheni tu.” Hivyo nyumba yake ikawa ndiyo pekee ya kikundi iliyojengwa kwa matofali matupu. Siku ya mchezo wa kutafuta pesa za mabati, wanafunzi waliwafunga wapakiaji, uwanja ukapiga kelele, na Kadidja aligeuza liboke juu ya makaa kwa mkono mtupu mpaka Odile alipomvuta. Ncha za vidole zilikuwa zimeungua.

“Hausikie?”

Kadidja alivitazama vidole. Kweli, hakuwa amesikia.

Nyumba ikaisha. Ilikuwa na vyumba viwili, mabati mapya na mlango wa buluu. Imamu aliomba dua, katekista naye akaomba yake ili asionekane amekuja bure, na watu wakapiga vigelegele. Kadidja alishukuru kila mtu kwa jina, kwa kuwa alilelewa vizuri. Wiki ileile mvua kubwa ya mchana ilipiga. Aliinuka, akakishika kitanda, akakivuta mpaka upande wa pili wa chumba, kisha akasimama akakitazama. Paa halikuwa linavuja. Akakirudisha.

Ikabaki karatasi ya kiwanja kugongwa muhuri, na muhuri ulikuwa kwenye biro mpya. Kadidja hakuwahi kuingia humo. Alikuwa akipita njia nyingine, si kwa chuki, ila miguu ilikuwa inakwenda hivyo. Siku hiyo aliingia, akamsalimu shefu mezani, akainua macho.

Kuta zilikuwa hazijapakwa kitu. Shimo refu, shimo fupi. Shimo refu, shimo fupi. Yalianzia sakafuni yakapanda mpaka chini ya mabati, mengine wima, mengine yamepinduliwa kichwa chini na mwashi asiyejali. Mumewe alikuwa ameupapasa ukuta mzima.

“Citoyenne, mwananchi, karibu,” alisema shefu. “Ukae.”

Hakukaa. “Shefu, naomba tofali moja.”

Shefu aligeuka akautazama ukuta nyuma yake, akaelewa, na uso ukamwiva. Tulisema hakuwa mwizi.

“Mama, ukuta iko ya État. Nikitoboa, nitajibu nini? Kila mutu atakuja kuomba yake.” Akagonga muhuri taratibu, halafu akataka kumfariji, na hapo ndipo alipoharibu. “Lakini usihuzunike. Jumamosi, kwa salongo, tunapaka crépi ya saruji ndani na inje. Komiseri wa zone, mukubwa wetu, anakuja kutembelea. Hautaona tena ile alama. Itakuwa muzuri kwa roho yako.”

Kadidja alikunja karatasi yake akatoka. Njiani alihisi kitu kifuani, kitu cha kuchomachoma, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kurudi. Hakukipenda. Alitembea haraka ili kimwache, hakikumwacha. Kila kilichobaki cha Lukumani juu ya ardhi kilikuwa katika zile kuta, na Jumamosi kingefunikwa, na yeye mwenyewe angeitwa kwenda kukifunika. Asipokwenda, faini.

Alikwenda. Alichukua mwiko wa Lukumani, ule wa kupakia saruji, uliokuwa umening'inia kwenye msumari tangu msiba. Biro ilikuwa imejaa watu, nusu yao wa kikundi, na nje wengine waliimba wimbo wa chama kwa sauti ya watu wanaofikiria mambo mengine. Kadidja aliomba ukuta unaotazamana na mlango. Odile alisimama nyuma yake na ndoo ya saruji iliyokorogwa.

Alianzia juu. Kabla ya kufunika kila tofali alilitazama, refu, fupi, kisha akapaka. Alipaka vizuri, maana alikuwa amemwona fundi akipaka miaka yote hiyo. Hakuruka hata moja. Ukuta ukawa wa kijivu kutoka juu kushuka, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka likabaki tofali moja usawa wa kifua chake. Akasimama. Odile alimsogezea ndoo.

Kadidja alilipaka. Alilisawazisha kwa mgongo wa mwiko mpaka likalingana na mengine. Kisha akauweka mwiko chini, akanyoosha vidole viwili vya mkono wa kulia, akakikunja kidogo kile cha pembeni ili kiwe kifupi, akabonyeza ndani ya saruji mbichi. Saruji ilikuwa baridi. Aliisikia.

“Citoyenne!” Shefu alikuwa mlangoni. “Unaharibu crépi!”

“Siharibu.”

“Na ile iko nini?”

“Iko alama ya mwenye matofali,” alisema Kadidja, vidole bado ukutani. “Yake imeisha. Alisema itaisha, atakopa yangu.”

Watu wa ndani waliacha kupaka. Wa nje nao, kwa kuona wa ndani wamenyamaza, wakaacha wimbo katikati. Kila mtu pale alikuwa ameukanyaga ule udongo, na shefu alilijua hilo kuliko wote, kwa kuwa ndiyo sheria aliyoitumia. Alitoa leso akafuta shingo. Alitazama mashimo mawili, refu na fupi, akatazama nyuso, akatazama tena mashimo.

“Bon,” alisema. “Ikauke hivyo. Komiseri akiuliza, nitamwambia fundi aliwekaka alama yake.”

Akatoka. Wimbo haukurudi. Kadidja alivitoa vidole polepole ili visivute saruji, akauosha mwiko ndani ya ndoo, akaufuta kwa kanga yake.

“Odile,” alisema, “leo unaleta nini?”

“Kuleta nini wapi?”

“Chakula. Niko na njaa.”

Odile alimtazama, akaketi chini sakafuni kwenye matone ya saruji, akaanza kulia kwa sauti, mama mzima, mbele ya watu. Kadidja alimwinamia akamshika mkono kumwinua.

“Utalia kwa njia, mama,” alisema. “Twende. Niko na njaa mubaya.”