Shule ya Kulala na Shule ya Kurudi

Wiki jana nilizunguka na binti yangu, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, tukitafuta shule ya upili ya serikali itakayomfaa mwaka ujao. Yeye aliulizia maabara, kompyuta na uwanja wa mpira. Mimi, rafiki yangu, kila shule nilikuwa nachungulia jikoni. Msichana akanivuta mkono: "Mum, si twende! Unaniaibisha."

Simlaumu. Hajui kwamba mwaka ule wa ukame sisi tulizilinganisha shule kwa jambo moja tu, chakula cha jioni. Ng'ombe walikuwa wakianguka nyikani hadi ukaizoea harufu. Baba aliwaswaga waliobaki kuelekea Loitokitok, na nyumbani tukawa tunalalia uji mwepesi, usioacha hata alama kikombeni. Ndipo matokeo ya darasa la nane yakatoka. Mimi na kakangu tulikuwa darasa moja, kwa kuwa yeye alichelewa kuanza shule akichunga. Alinishinda, na wala hakubahatisha. Hesabu alizifanya huku akimkuna mbwa kwa kidole cha mguu.

Shule tulizoitiwa zilikuwa mbili: ya bweni kule Kajiado na ya kutwa hapa Kitengela. Mama aliamua kwamba mimi nikalale, maana njia ya alfajiri haikuwa ya msichana. Kakangu akawa "wa day". Nyanya, aliyekuwa na Kimaasai chake na Kiswahili cha sokoni, akauliza hiyo "day" ni kitu gani. Jirani akamwambia ni siku. Nyanya akashika kichwa: "Atasoma siku moja tu? Na vile huyu mtoto ako na akili!"

Tulicheka sana. Kakangu alitushinda sote kwa kicheko.

Kule Kajiado maharagwe yalikuwa na wadudu, maji yalikuwa ya chumvi, na matron alikuwa na mdomo mchafu. Nilinenepa. Likizo ilipofika kakangu hakuniuliza habari za masomo. "Jumanne usiku mnakulanga nini?" Nikamwambia. "Na Jumatano?" Alisikiliza amefumba macho, na nilipomaliza wiki nzima akaniomba nianze tena. Nikaanza tena.

Yeye alikuwa akivuka nyika kabla ya jua, akila githeri ya mchana shuleni, kisha akirudi kwenye uji ule ule. Kila alasiri alisinzia darasani. Mwalimu wa hesabu akamwita mvivu mbele ya wenzake, na jina likamganda. Baba alipotuma neno kwamba amelemewa na mifugo, kakangu alikunja sare yake, akampa mama, akashika njia. Hakurudi darasani tena. Sasa anachunga ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja huko Illasit.

Nyika aliyokuwa akiivuka imekuwa ploti na mageti, hata njia yake siwezi kukuonyesha. Nyanya na mama wametangulia. Watu wa kwetu bado husema shule yangu ilikuwa bora kuliko yake, na kwa miaka mingi nimeitikia. Lakini ile yake ni nani aliyewahi kuijua? Haikumpata kakangu hata siku moja akiwa ameshiba.