Kasi ya prosesa na maneno ya Bi Zuhura

Leo nimepoteza mahojiano yote niliyomfanyia Bi Zuhura wa Kibokoni kwa ajili ya gazeti letu, na kosa ni langu.

Fundi Salim alinionya: "Kaka, prosesa ya kompyuta yako iongeze kasi hatua moja tu, uijaribu siku nzima. Na kazi zako zinakili kwenye disketi kwanza."

Nikaongeza mbili, na memori pia. Sikunakili kitu.

Ikawaka vizuri. Nikaiacha inafanya kazi, nikaifunika kitambaa cha kufuma, kama tufunikavyo televisheni, nikaenda kuswali adhuhuri.

Niliporudi ilikuwa moto kama pasi. Faili la mahojiano halifunguki. Kanda niliyomrekodia nilisharekodia mengine juu yake.

Nikampigia simu binti ya Bi Zuhura, nikaomba nimhoji mama tena.

"Mama hasemi tangu augue, kaka. Twangoja gazeti tumsomee."

Mngemjibu nini?