Simu Zilizochelewa Muyinga

Emiliana alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, Tanzania, na huko ndiko alikojifunza kompyuta. Familia yake iliporudi Burundi, alipata kazi Gitega kwa Alkarim, muuza kompyuta. Siku moja kliniki ya figo ya hapo Gitega ikaleta ombi: wagonjwa wa Muyinga, wanaokuja kusafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, wawe wanaamshwa kwa simu saa kumi na moja alfajiri, wawahi gari la saa kumi na mbili.

Aliandika programu hiyo mwezi wa Juni. Kompyuta waliyokodi kuiendesha ilikuwa Brussels, na miezi hiyo saa ya Brussels na ya Burundi ni ileile. Alipojaribu, simu zililia kwa wakati. Hakuandika popote kwamba saa aliyoitaka ni ya Burundi.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya walirudisha nyuma saa zao kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka baridi ikikaribia, na programu ikawafuata. Kesho yake simu za Muyinga zililia saa kumi na mbili, gari likiwa linaondoka.

Wenye nguvu walilikimbilia. Klara, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba, aliachwa. Nyumbani hawakuwa na saa, na ile ya kwenye simu hakujua kuisoma. Akajilaumu kwamba uzito wake ndio uliomchelewesha. Alhamisi alitoka hata bila kunawa uso, akakuta barabara tupu. Jumamosi alifariki.

Emiliana alijua Jumatatu iliyofuata, dereva alipopiga kulalamika kwamba abiria wanamfikia wakihema, wawili waliachwa, na mmoja wao, Klara, amefariki. Alirekebisha mstari mmoja tu. Haikumchukua hata dakika tano.

"Imeshakuwa sawa, basi nyamaza," Alkarim alimwambia. "We ukisema, hii duka itafungwa."

Siku hiyohiyo Emiliana alipanda basi kwenda Muyinga.

Kasiano, mume wa Klara, alimpa kigoda. Emiliana akaeleza yote, saa za Ulaya na kosa lake, bila kujificha nyuma ya mashine.

"Kliniki walisema alipuuza matibabu," Kasiano alisema. "Na mimi nikaamini. Siku ile ya Alhamisi nilimgombeza."

"Hakupuuza, baba. Aliamka simu ilipolia."

Emiliana alingoja atukanwe, hakutukanwa.

"Kuna mwingine aliyeachwa?" mzee aliuliza.

"Ignasi. Alikosa mara mbili, wakamfuta kwenye orodha."

"Anajua ni kwa nini?"

"Bado."

"Basi unakaa hapa kufanya nini?"

Kasiano hakumsindikiza. Emiliana alipanda kilima peke yake, akamkuta Ignasi amelala kwenye mkeka, uso umevimba kwa maji. Akapiga simu kliniki palepale, akataja jina lake mwenyewe na kosa lake. Muuguzi alimwambia amlete Ignasi Alhamisi. Emiliana alipouliza kama mgonjwa atazifikisha siku hizo tatu, muuguzi alisema hawezi kuahidi.