Sentimita Kumi na Mbili za Mama Vipimo

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Mama Vipimo anashuka ngazi za zege chini ya daraja, sketi kaikunja hadi magotini, penseli kaichomeka kwenye kilemba. Juu yake wakulima wamejazana utadhani kuna fainali. Upande wa pili wa mto, mwenzake, fundi viatu, naye anashuka zake na daftari kwapani.

"Vipi huko, dada?" anapaza sauti.

"Saa bado! Tulia!"

Wote wawili ni wasomaji wa rula ya mto, yaani ule ubao wa chuma wenye namba uliofungwa kwenye nguzo ya daraja, mmoja kila upande. Mto huu ni mpaka wa nchi mbili, na nchi hizo zimekubaliana kwamba wakati wa kiangazi maji hapa yasipungue mita moja na sentimita ishirini, ili walio chini ya mto nao wapate chao. Yakipungua kwenye rula ya upande wake, kila nchi inafunga malango ya mifereji yake.

Leo ni siku ya kumi na moja malango yamefungwa. Jana mvua ilinyesha milimani. Rula zikisoma mita moja na ishirini, malango yanafunguliwa leo leo. Zisiposoma, vitunguu vya pande zote mbili kwaheri.

Na kinachomkosesha Mama Vipimo usingizi ni hiki: upande wake ulifungiwa maji kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwezi mzima rula yake ilisoma ishirini na sita huku ya fundi viatu ikisoma kumi na nne. Mto mmoja, daraja moja! Ng'ambo wakafunga mifereji, kwao wakaendelea kumwagilia. Maneno yakaanza. Ng'ambo walisema mama yule anapika namba. Kwao wakasema fundi viatu haoni vizuri, arudi kwenye soli zake.

"Nilikasirika, we acha tu," anasema Mama Vipimo, mwenye miaka kumi na tisa kazini na posho isiyovuka unga na sabuni. "Mimi nipike namba? Nikasema nitawaumbua. Nikafukua madaftari yote."

Lo! Aliyeumbuka ni yeye. Mafuriko ya masika yaliing'oa rula yake, na mwashi akaja kuirudishia saa tisa alasiri. Mwashi akauliza, "Mama, maji yako wapi?" Naye, bila kufikiri, akamtajia namba aliyoisoma asubuhi, kabla rula haijang'oka: mita mbili na kumi. Mwashi akaifunga rula namba hiyo iguse maji.

"Lakini mto ulikuwa unashuka tangu asubuhi!" anasema, akijipiga paja. "Nikamwendea fundi viatu, nikamwomba daftari lake la siku ile. Saa tisa alikuwa ameandika mita moja na tisini na nane. Kumi na mbili kamili! Mwezi mzima tunakunywa maji ya watu, na mimi ndiye niliyeandika."

Alipeleka taarifa kwa kamati ya pamoja ya bonde siku hiyo hiyo. Rula ikarekebishwa, malango yakafungwa. Shemeji yake, mwenye shamba la vitunguu, akaacha kumsalimia.

"Aliniambia, 'Shemeji, ungenyamaza ungekufa?' Nikamjibu, wewe una kiu siku kumi, wenzako wamekaa na kiu mwezi."

Saa tatu kamili. Mama Vipimo anachuchumaa mpaka macho yanalingana na maji, anangoja viwimbi vitulie. Anatazama. Anatazama tena.

"Fundi! Sema wewe kwanza!"

"Moja na ishirini na mbili!"

"Wee! Na mimi ishirini na mbili!"

Kelele inayozuka hapo haiandikiki. Watu wanakumbatiana na wasiowajua, mlinzi wa lango anakimbia na funguo mkononi, na shemeji mtu anateremka ngazi mbili mbili akiita, "Shemeji! Shemeji yangu!" kana kwamba siku kumi na moja hazikuwahi kuwapo.

"Ngoja niandike kwanza," anamkatiza, machozi yakimtoka huku anacheka.

Ameshaiomba kamati rula moja, ifungwe kwenye nguzo ya katikati, isomwe na watu wawili, mmoja kutoka kila upande, katika daftari moja. Bado hajajibiwa, lakini hakungoja. Fundi viatu amevuka daraja akihema, na Mama Vipimo anamkabidhi penseli aweke sahihi chini ya yake.

"Kesho wakiniuliza namba hii kaandika nani," anasema, "nataka wakute mkono wa jirani yangu."