Hela za Miguu ya Binti Yangu

Siku binti yangu aliposimama kwa mara ya kwanza, baba yake alikimbilia kufunga pazia.

Sitanii.

Mtoto ana miaka sita, hajawahi kukanyaga chini tangu azaliwe. Leo kashika ukingo wa meza, miguu inamtetemeka kama ya ndama, anacheka. Nikapiga kelele za furaha. Mume wangu akanirukia.

"Funga mdomo! Unataka majirani wamwambie yule mama wa ofisi ya ustawi?"



Niwaeleze. Mimi ni msusi, mume wangu alikuwa fundi rangi. Serikali ilipoanza kumpa binti yetu ruzuku ya watoto wenye ulemavu, kwa kweli tulipumua. Nauli ya kumpeleka mazoezini ikapatikana. Maziwa yakaingia ndani. Mtoto akanawiri.

Kisha baba mtu akaonja utamu. Akatundika brashi. Likaja sofa la mkopo, ikaja televisheni kubwa kama mlango. Hela ya mtoto ikawa inapita tu kwenye simu yake, inaishia kwa muuza fanicha.

"Akitembea, wanakata," akaniambia. "Sofa utalipa kwa kusuka?"

Nauli ya mazoezi akaifuta. Nikawa nambeba mgongoni mpaka kituo cha basi, nauli nikitoa kwenye hela ya misuko. Lakini ajabu, mbele ya mtaalamu wa mazoezi mtoto hasimami tena. Kila tukienda analegea kama nguo iliyolowa.

"Mama, labda siku ile uliona vibaya," mtaalamu akasema.

Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Siku moja umeme ukakatika saluni, nikarudi mapema. Baba mtu katoka. Nachungulia dirishani, binti yangu anatembea! Polepole, mkono ukutani, kutoka jikoni mpaka mlangoni.

Aliponiona akajibwaga chini, akaanza kulia.

"Mama, usimwambie mtu! Baba alisema nikitembea tutalala njaa, na kosa litakuwa langu."

Kumbe mtoto alikuwa anatulisha kwa kukaa chini.

Kesho yake nikampeleka ofisi ya ustawi, akatembea mbele ya yule mama. Ruzuku ikakoma. Muuza fanicha akaja na watu wake, wakabeba kila kitu. Mume wangu akafuatia, begi begani. Mama mkwe akanipigia simu: "Umemkatia mwanangu riziki, mchawi wewe!"

Sawa. Nikajua tumepona.

Juzi nimerudi mikono mitupu, wateja hakuna. Binti yangu akanitazama. Akateremka kitini taratibu, akakaa sakafuni, akakunja miguu.

"Mama, mwite yule mama. Mwambie siwezi tena."

Ndugu zangu, hela za serikali pokeeni. Ndizo zilizomsimamisha mwanangu. Lakini mtoto asiambiwe kamwe kwamba yeye ndiye anayewalisha. Miguu ina mazoezi yake. Maneno yale, mpaka leo sijui nitayatoaje kichwani mwake.