Picha za Upelelezi Sebuleni kwa Baba

Mama alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Ikwiriri, akasema nije nyumbani upesi, baba yangu anataka kutuua. Mama ni mtu wa kukuza mambo, lakini safari hii nilimwelewa. Watu wa kitongoji walikuwa wamemfuata baba wakimtaka agombee tena uenyekiti. Naye, badala ya kukataa palepale, aliwaambia atafikiria.

Sisi wa upande wa Mtawanya hatuhitaji kuelezwa uenyekiti wa kitongoji ulikuwa nini miaka ile. Ninyi mlio mbali nitawaambia kwa ufupi. Viongozi wadogo kabisa, wenye muhuri na kiti cha plastiki tu, walikuwa wakipigwa risasi mlangoni kwao, na waliowapiga tuliwaita wasiojulikana. Baba alikuwa mwenyekiti wakati huo. Tulimlilia aachie ngazi, akachelewa, mwishowe akaachia, Mwenyezi Mungu akamhifadhi. Mimi niliapa kwamba hatarudi kwenye kiti kile nami nikiwa hai.

Basi nilifika na hila yangu. Baba habishiwi, ukimpinga ndiyo kwanza anakaza. Nikaona nimshike na kitu anachokipenda, awe ndani kila alasiri, hao wanaomfuata wamkute na shughuli zake mpaka wachoke. Kabatini lilikuwapo bado boksi la CD zake za tamthilia za upelelezi, za kizungu, za zamani, zilizotafsiriwa na bwana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Mpelelezi mwenyewe ni mzee mnene mwenye kikohozi. Anaingia nyumba za matajiri, anakaa, anakunywa chai yao mpaka wanakiri. Mtafsiri alimwita stelingi, na kila tulipoanza kumhofia mzee wa watu alitukumbusha kwamba stelingi hafi. Nilifuta deki vumbi, nikaiunganisha, nikamwita baba. Akaja na kikombe chake, amefurahi kweli.

Kuna jambo sikulitarajia. Zamani niliogopa picha hizi kwa sababu sikujua muuaji ni nani. Sasa ninamjua tangu anapoingia. Ninamwona anavyotabasamu, na yule atakayekufa anamkaribisha kiti, anamwongezea sukari, anamuuliza habari za watoto. Hofu hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, maana unajua na huna la kufanya. Nilikuwa nikimtazama baba kwa pembeni nikiwaza, na yeye siku hizi anamkaribisha nani? Na kwenye picha angalau mwishoni mzee wa kikohozi anamtaja mtu kwa jina. Kwetu lile neno, wasiojulikana, limebaki hivyohivyo mpaka leo. Hunijia hata dukani ninapompimia mteja ufuta, ninamtazama mikono na kujiuliza, huyu je?

Alasiri moja nikagundua kwamba tumefika kwenye sehemu yenye bunduki. Ni sehemu moja tu. Kwingine kote watu wanauawa kwa sumu na kusukumwa kwenye ngazi. 

Sehemu hiyo ndiyo iliyotutoa roho miaka ile. Tulikuwa tukiangalia baada ya sala ya alasiri, kwa sababu magharibi ikikaribia kila nyumba ilizima taa na redio. Mama alikuwa amepandisha sauti ya sabufa ili asikie akiwa jikoni. Bunduki ikalia. Huko nje kukatoka ukelele mmoja, kisha tukasikia miguu. Jirani yetu wa mkono wa kulia, mwanamke mtu mzima, aliiacha bada yake, ugali wa muhogo, jikoni akakimbilia shamba la ufuta. Kitongoji kizima kilikimbia. Walirejea asubuhi mmojammoja, wengine wamejitanda kanga tayari kwa msiba, wakamkuta marehemu barazani anapiga mswaki. Walicheka, wakalia, wakamshika mikono, na baba akacheka nao. Muda mrefu watu walihadithiana habari za mwenyekiti aliyeuawa na CD.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimemwona baba alipoisikia ile miguu. Alielewa upesi kilichotokea, akaenda mlangoni, akafungua kidogo na kusubiri. Alisubiri sana. Hakuja hata mtu mmoja kuuliza kuna nini. Akarudi akakaa, akapunguza sauti hadi mwisho, na tangu hapo tuliangalia picha zetu kimyakimya, maneno tukiyatunga wenyewe. Alisema wasilaumiwe, hata yeye angekimbia. Lakini uso wake wa siku ile sijausahau, na ndiyo maana sikutaka kusikia habari ya uenyekiti.

Sasa nikashika rimoti niiruke ile sehemu. Betri zilikuwa zimekufa. Nikataka kuinuka, baba akasema niache, anaipenda pale mzee anapokohoa. Kwenye picha mwenye nyumba akamimina chai. Mgeni akasogea karibu na meza, akafungua droo polepole.  Nilijua sekunde yenyewe, nikajiambia ni picha, ni picha tu, mtu mzima mimi, nina watoto wa sekondari.

Bunduki ilipolia nilijikuta sakafuni nyuma ya kochi, nimeuma kanga.

Nje hakikutikisika kitu. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliendelea kutwanga, mtu akacheka, pikipiki ikapita ikielekea barabara kubwa. Hakuna aliyekimbia, wala hakuna aliyekuja. Baba alizima deki, akazunguka kochi, akachuchumaa kwa taabu ya magoti yake.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Nimeizima."

Hila yangu ikaniishia hapohapo. Nikamwambia yote bila kupanga maneno. Nikamwambia ninaogopa kila pikipiki inayopunguza mwendo karibu na nyumba yao, ninaogopa simu ya asubuhi, ninaogopa hata mtu akimsifu baba yangu mbele za watu. Nikamwambia akatae, wamtafute kijana mwenye mbio. Yeye akawa anayakunjua mapindo ya kanga yangu.

"Na siku ikilia ya kweli, baba, nani atakuja mlangoni?" nikamuuliza.



"Anayekwenda kwenye milango ya watu ni mwenyekiti," akasema. "Siku ile mwenyekiti alikuwa ni mimi, ndiyo maana hakuja mtu. Angelia jirani, ningekwenda mimi."

 Nilitaka kukasirika, hasira haikuja, ilikuja hofu tupu. Kwa jinsi alivyosema nilijua kwamba hayo si mawazo ya leo. Nikamuuliza kama amekwisha wakubalia. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, kabla hata sijapanda gari kuja. Siku zote hizo nilizomfungia ndani na mzee wa kikohozi, hapakuwa na mtu wa kuja kumshawishi. Walikuwa wamekwisha maliza.

Baba akatazama kuelekea uani. Mama alikuwa huko nyuma anakuna nazi. Akainama karibu na sikio langu, na sauti yake ikawa ndogo, sijapata kuisikia hivyo hata katika miaka ile.

"Mama yako hajui. Mwambie wewe, mwanangu. Mimi ninaogopa."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza kidogo. Mama akauliza kwa sauti kutoka uani kama picha imeisha, na kama baba amekubali kuukataa uenyekiti. Baba aliinamisha macho. Nikajifunga kanga upya, nikaenda uani kwa mama.